Silabi Iliyofunikwa na Kikohozi

Kwa miaka ishirini na miwili fundi cherehani alijua mambo mawili tu kuhusu kazi ya mkewe: kwamba anaandika yanayosemwa bungeni, na kwamba akirudi nyumbani hasemi hata moja kati ya hayo. Kazini walimwita Nukta, maana ukurasa haukutoka mezani kwake mpaka kila nukta imekaa mahali pake. Mtaani alikuwa Mama Pacha. Mumewe alipomtania kwamba ameoa kabati lililofungwa, yeye alicheka akaendelea kumenya viazi.

Ndiyo maana habari za wito wa mahakama fundi alizipatia dukani, kwa wateja. Paa la soko lilikuwa limeanguka na kuua watu wanne. Kamati ya Bunge ikamwita mkandarasi, naye akala kiapo na kujibu maswali. Baadaye polisi wakagundua kwamba hakuwahi kupanda hata ngazi ya jengo lile. Akashtakiwa kwa makosa mawili ya kusema uongo chini ya kiapo: la kwanza kuhusu paa, la pili kuhusu nondo. Utetezi wake ulikuwa mfupi. Taarifa ya Bunge imekosea, alisema. Yeye alitamka "walilikagua", yaani mafundi wake, ila mwandishi akaandika "nililikagua".

Mwandishi mwenyewe alikuwa Nukta.

Wito ulipofika, hakuweza kwenda papo hapo. Mtumishi wa Bunge hatoi ushahidi juu ya shughuli za Bunge mpaka Bunge lenyewe limruhusu, na wabunge walikuwa mapumzikoni. Wiki zikapita, mtaani maneno yakazaa maneno. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali alisema, kwa sauti ya kutosha, kwamba kuna watu midomo yao imeshazibwa. Fundi alimkabidhi suruali yake, lakini siku hiyo kila pindo lilimwendea kombo. Jioni akamwuliza mkewe kwa nini asiende tu akaseme anachokijua.

"Baba Pacha, yale maneno si yangu," mkewe akamjibu. "Leo nikiyatoa bila ruhusa kwa sababu mtu namchukia, kesho nitayatoa kwa sababu mtu nampenda."

"Kwani unamchukia?"

"Dada aliyekuwa akiniuzia nyanya pale sokoni yuko kaburini."

Ruhusa ilipokuja ilikuwa na mipaka: aeleze taarifa ilivyoandikwa, asivuke hapo.

Siku ya kesi fundi alifunga duka, akavaa shati lake la kutokea na kuketi benchi la nyuma. Kando yake alikaa mwanamke mwembamba mwenye mtandio mweusi, mdogo wake yule muuza nyanya. Feni ilikwaruza juu ya vichwa vyao. Mkandarasi, amenyolewa vizuri, alikuwa akimnong'oneza wakili wake. Nukta akapanda kizimbani, akaapa, akashika ukingo wa mbao.

Wakili wa utetezi akaomba kanda ichezwe. Chumba kizima kikainama kusikiliza. Swali la mbunge likasikika vizuri, kikafuata kikohozi kikubwa cha mtu, halafu sauti ya mkandarasi: "...lilikagua paa lote." Ikarudiwa mara tatu, na mara zote tatu kikohozi kikaimeza silabi ya kwanza.

"Kwa hiyo, shahidi," wakili akasema kwa upole, "inawezekana ulisikia vibaya?"

"Inawezekana," Nukta akasema.

Minong'ono ikapita. Mwanamke wa mtandio akashika kichwa. Fundi akajikaza kisabuni. Wakili alikuwa ameshaanza kuketi Nukta alipomgeukia hakimu na kuomba kumaliza jibu lake.

Akaeleza kwamba kwa sababu masikio hukosea, ofisi yao ina utaratibu. Neno lililofunikwa na kelele hupigiwa mstari kwa penseli, na ukurasa hupelekwa kwa aliyesema alithibitishe au alisahihishe. Ukurasa huo ulikuwa ndani ya jalada lililokabidhiwa mahakamani pamoja na kanda. Watu walikimbilia kanda, jalada wakaliacha.

Hakimu akalifungua jalada, akausoma ukurasa huo kimyakimya, kisha akautolea maelezo. "Nililikagua" lilikuwa limepigiwa mstari. Mistari miwili chini yake, mkandarasi alikuwa amesahihisha kwa wino wake mwenyewe jina la kampuni yake, lililokosewa herufi moja. Neno lenye mstari aliliacha lilivyo. Chini kabisa alitia saini.

Mwendesha mashtaka akainuka kwa furaha. Akamtaka shahidi aithibitishie mahakama pia yale maneno ya shtaka la pili, kwamba nondo zote zilipimwa.

"Ukurasa wa nondo niliupeleka, haukurudi na saini," Nukta akasema. "Na pale kanda ina ngurumo ya jenereta. Niliandika nilichosikia, lakini siwezi kuapa kwamba sikukosea."

Mwendesha mashtaka akauliza tena, safari hii akimkumbusha watu wanne waliokufa. Fundi aliviona vidole vya mkewe vikibana ule ukingo wa mbao.

"Mheshimiwa," akasema, "leo nimeapa kama mshtakiwa alivyoapa siku ile."

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Shtaka la kwanza, hatia, kifungo cha miaka mitatu. La pili, aliachiwa. Hakimu alisema ameliamini la kwanza kwa sababu shahidi alikuwa tayari kulipoteza la pili.

Nje, mwanamke wa mtandio alimngojea Nukta kwenye ngazi.

"Ungesema ndiyo tu, dada," akamwambia. "Neno moja tu, angekaa ndani zaidi."

"Najua, mdogo wangu."

Nukta aliketi naye pale kwenye ngazi, bega kwa bega, mpaka mwenzake alipomaliza kulia na kusema anakwenda nyumbani.

Njiani fundi alimbebea mkewe mkoba. Mkewe akakiri kwamba usiku ule baada ya kuulizwa habari za nondo hakupata usingizi. Fundi akasimama katikati ya njia, watu wakiwapita huku na huku. Akamwambia kwamba miaka yote hiyo alidhani ameoa karani, kumbe hakujua anaishi na nani.

"Umeoa karani," mkewe akasema, akamshika mkono wavuke barabara.