Mawe Manne ya Mama Soipan

Mzee Metito alikuwa amenipa nafasi moja tu. Ndege yangu ndogo ya rimoti ikiruka juu ya malisho yake hapa Isinya bila kutawanya ng'ombe, klabu yetu ya wasichana wa sekondari ingepata uwanja kila Jumamosi. Ikiwatawanya, nirudi nayo Kitengela, ambako kati ya magorofa na nyaya za stima hakuna pa kuirushia.

Nilikuwa nimeiunda kwa miezi saba, kwa maboksi meupe ya povu yanayokuja na televisheni. Ndege ina betri yake tumboni. Rimoti nayo hutumia mawe manane madogo, yaani betri kama za redio, na asubuhi hiyo nilitia mapya. Nikaiacha sebuleni kwa Mzee, nikaenda na Mzee kutafuta mahali pasipo na miiba.

Tuliporudi kuichukua na kutoka tena, Mzee aliegemea fimbo yake.

"Haya, Nthambi. Huyo ndege wako ako na adabu?"

"Ako nayo, Mzee."

"Tutaona. Ng'ombe zangu hazijasoma."

Kioo cha rimoti kilionyesha volti kumi na moja. Nilitarajia kumi na mbili, lakini furaha ina haraka. Nikairusha.

Ikapaa! Ikazunguka juu ya tambarare, nyeupe kama yangeyange. Ng'ombe waliinua vichwa, wakairudia nyasi. Mzee alianza kutabasamu. Ndipo rimoti ikalia: pii, pii, pii. Volti kumi. Tisa na nusu. Rimoti ikizima, ndege haitanisikia tena. Itaangukia popote, hata mgongoni mwa fahali.

Mama Soipan, mke wa Mzee, akaja mbio kutoka nyumbani, redio kwapani ikiimba kwa nguvu.

"Ni mawe yangu yanalia?"

"Yako, Mama?"

"Si nilichukua manne! Kwaya yetu inaimba kwa redio leo. Lakini sikukuacha hivi hivi, nilikuwekea yangu. Yameota jua juu ya mabati tangu juzi, yako na nguvu!"

Sikuweza kumkasirikia. Hata kwetu tulianika mawe. Jua huyaamsha kidogo, yakatosha wimbo mmoja au miwili. Ila kwa rimoti, manne machovu huyaangusha hata yale manne mapya.

Nilipunguza mwendo, nikaishusha polepole dhidi ya upepo. Ikagusa nyasi, ikateleza, ikateleza tena, ikasimama mbele ya pua ya ng'ombe mwekundu. Nikafumba macho.

Niliposikia Mzee akicheka, nikayafumbua. Ng'ombe yule alikuwa akiilamba bawa.

"Anafikiri ni chumvi!" Mzee alisema, akipangusa machozi.

Mama Soipan alikuwa tayari amefungua redio yake. "Wimbo wetu umeisha. Chukua mawe yako, mwanangu. Na nilisikika vizuri sana."

Nikayatia. Volti kumi na mbili kasoro kidogo. Nilimtazama Mzee, nikingoja hukumu.

Alipiga mluzi, akawasogeza ng'ombe wake mwenyewe, mmoja mmoja, hadi ng'ambo ya migunga. Kisha akasimama katikati ya nafasi ile iliyobaki wazi, akainyoosha fimbo yake kufuata upepo.

"Ianzie hapa," aliita. "Na hao wasichana wako, Jumamosi, wafunge geti wakiingia!"