Darasa la Wasiokuwepo

Kengele ilikuwa bado haijalia, lakini Mwalimu Suraya alikwisha kupiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akibana marinda ya kitambaa cha njano kuzunguka meza ya wageni. Mwalimu mkuu, Bi Zauyah, alimsimamia kichwani kama shangazi wa bwana harusi. Chini ya kitambaa kile palikuwa na miguu ya chuma iliyoliwa na kutu ya bahari, na Bi Zauyah alikuwa na imani moja thabiti kuliko zote: kwamba afisa wa wilaya akiiona kutu, elimu yote ya jimbo la Terengganu itaporomoka.

"Kushoto kumepanda, mwalimu."

Suraya akashusha kushoto.

"Sasa kulia kumeshuka."

Kulia hakukuwa kumeshuka. Kilichoshuka ni sakafu, tangu mafuriko ya mwaka juzi, na barua za kuomba ikarabatiwe zilikwenda wilayani zikapotelea hukohuko. Kitambaa cha njano, lakini, kilipatikana siku ileile kilipotakiwa. Walimu walichangishwa. Suraya, ambaye mshahara wake wa mkataba ulikuwa mdogo kuliko wa yeyote pale, alichangishwa sawa na wengine, na nazi zilipopanda bei, mchango ukaongezwa, kwa sababu mheshimiwa haandaliwi wali usio na tui la kutosha.

Ugeni wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Wilaya ilikuwa na mradi wa kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza sauti za herufi kabla ya majina yake, ili wazishike zile sauti, waziunganishe, wasome neno. Wazo si baya. Suraya alilipenda tangu siku ya kwanza. Watoto wake walizoea kusoma Kimalei kwa silabi, ba, be, bi, bo, bu, kila konsonanti imeshikana mkono na irabu yake. Kiingereza kikawatupia konsonanti mbili zimegandana mwanzoni, nyingine yatima mwishoni. Na pwani ile mwisho wa neno una desturi zake. Neno la mjini *makan*, kula, huku linatamkwa *makang*. Wamezaliwa nayo, wanaidai kama urithi. Kumfundisha mtoto wa Terengganu aiache *n* ya Kiingereza mwishoni bila kuipandisha puani ni kazi ya miezi, ya kioo kidogo cha mkononi, ya kuangalia ulimi unagusa wapi, na ya kucheka pamoja.

Bi Zauyah hakuwa na miezi. Alikuwa na kadi. Kadi zilikuja katika boksi la kumeremeta, zimepangwa, na kila kadi ina ishara yake: nyoka wa *s*, mkono ukijipinda, mshumaa wa *p*, kidole kikipulizwa. Akawakaririsha watoto wote kwa mpangilio uleule, asubuhi baada ya asubuhi, kama wanavyokariri dua chuoni, mpaka wakawa hawaangalii kadi tena. Ungewanyanyulia picha ya bata wangekupulizia kidole.

"Usizichanganye," alimwambia Suraya, akimkabidhi boksi. "Zikitoka zilivyo, tumepona."

Walikuwapo ambao hata kukariri hakukuwasaidia. Saba. Hao ndio waliokuwa darasa la Suraya hasa, darasa la kuwainua waliobaki nyuma, na ni kwa ajili yao aliajiriwa, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mwaka ule ulikuwa unakwisha. Nyumbani alikuwa na baba aliyepooza upande na wadogo wawili wanaosoma, na mkataba ule ndio uliokuwa sufuria lao.

Siku mbili kabla, Bi Zauyah alimwita ofisini, akafunga mlango, akalainisha sauti. Wale saba, alisema, siku ya ugeni wasionekane. Si kwamba anawaonea aibu, hasha, ni watoto wa watu. Ila mheshimiwa akimuuliza mmoja wao akakodoa macho, ripoti inaharibika, na ripoti ikiharibika nani atakuwa na mdomo wa kuombea mikataba ya watu? Wakae chumba cha sala na mpishi, wapake rangi. Mambo yakienda vizuri, mkataba wa Suraya atauombea yeye mwenyewe kwa kinywa chake.

Suraya alimeza. Watu wazuri humeza vitu vibaya kila siku, na wengi hawatapiki.

Basi asubuhi ile, marinda yakishakaa, akawachukua wale saba kwa mkono. Mbele alikuwa Qaseh, msichana mwembamba anayelelewa na bibi yake mkandaji wa keropok, vile vitafunio vya samaki vya kukaanga, bibi ambaye vidole vyake vinanuka samaki hata siku ya Idi. Qaseh alikuwa amevaa hijabu mpya nyeupe, imepigwa pasi mpaka imesimama. Bibi aliambiwa kuna wageni.

"Mwalimu, sisi tutasoma lini?" aliuliza.

Suraya akamwambia, "Baadaye." Qaseh akakubali, maana alikuwa bado katika umri wa kuamini kwamba baadaye ni saa fulani.

Mlangoni mwa chumba cha sala alisimama mpishi, Mama Jerah, mwanamke mpana mwenye habari za kijiji kizima na za vijiji viwili vya jirani. Aliwatazama watoto wakivua viatu, akamtazama Suraya.

"Kwa hiyo leo uongo tunauficha humu humu, tunapoelekea kibla."

"Mama Jerah, nisaidie tu."

"Nakusaidia. Nasema tu ili Mungu asije akadhani sikuona." Akashusha sauti, maana kusengenya ni haki yake ya asubuhi. "Na huyo afisa wenu namjua. Bwana Kamaruzaki. Kabla hajapata tai alikuwa anafundisha hapo ng'ambo ya mto. Watoto walikuwa wanamchorea ubaoni akiwa kasinzia."

Wageni waliahidi kuja mapema. Waliingia jua likiwa limeshapasha mabati, magari matatu, watu kumi na kitu, nusu yao kazi yao ikiwa ni kuwapiga picha nusu nyingine. Watoto walikuwa wamepangwa mstari tangu asubuhi kuwapokea, bendera ndogo zimewalegea mikononi. Maziwa na biskuti za saa nne, ambazo ni haki ya kila mtoto, Bi Zauyah alizizuia: midomo isiwe na makombo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga. Wahenga hawakuwahi kupokea mgeni wa wilaya.

Onyesho likaenda kama lilivyopikwa. Suraya alinyanyua kadi, watoto wakapinda mikono, wakapuliza vidole, wakaimba sauti zote kwa nguvu hivi kwamba kunguru waliruka juu ya paa. Bwana Kamaruzaki, tumbo mbele na batiki ya hariri juu yake, alitikisa kichwa kwa mdundo. Hakuomba kadi hata moja irudiwe. Hakumwambia mtoto hata mmoja asimame peke yake. Hakuna aliyemuuliza mtoto neno. Alikuja kusikia kelele, akasikia kelele, akaridhika, na kwa yote hayo analipwa.

Suraya alisimama na boksi mkononi akawadharau wote, kuanzia mpiga picha, na dharau ilipokwisha kuzunguka chumba ikarudi ikatua begani pake mwenyewe. Kwani kadi nani alizinyanyua?

Kisha mheshimiwa akashika kipaza sauti. Alishukuru. Alisema ameona muujiza wa pwani. Alisema ameambiwa na mwalimu mkuu, na sasa ameshuhudia kwa macho yake, kwamba shule hii imemaliza tatizo: hakuna hata mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliyebaki nyuma. Makofi. Bi Zauyah akainamisha kichwa kama bibi harusi.

"Na kwa kuwa hakuna aliyebaki nyuma," akaendelea, "ile nafasi ya mwalimu wa kuwainua waliobaki tutaihamishia shule yenye shida. Mwakani hapa haihitajiki. Huo ndio ushindi, ndugu zangu. Kazi ikikwisha, imekwisha."

Makofi tena. Suraya alijikuta naye anapiga. Mikono ilishazoea.

Alimtafuta Bi Zauyah kwa macho, na Bi Zauyah akapata ghafla shughuli kubwa ya kunyoosha maua ya plastiki. Walipopishana mlangoni, wageni wakielekea mezani, mwalimu mkuu alimshika kiwiko akamnong'oneza kwamba hata yeye amestuka, kwamba haya ni mambo ya juu, kwamba Mungu akifunga mlango. Hakumalizia Mungu hufungua nini. Alikuwa anakimbilia kiti cha jirani na mheshimiwa.

Suraya akatoka nje. Harufu ya nasi dagang, wali wa tui na mchuzi wa jodari, ilikuwa imejaa uwanja mzima. Kwenye chumba cha sala watoto saba walikuwa wamekaa ukutani, kalamu za rangi zimewekwa chini. Walikuwa wamepaka kila kilichopakika.

"Hawajala," alisema Mama Jerah kutoka mlangoni. "Niliendea maziwa yao, nikaambiwa yamehesabiwa kwa waliopo. Nikauliza hawa je? Nikaambiwa hawa hawapo."

Suraya akamwambia yaliyosemwa kwenye kipaza sauti. Mpishi hakushangaa. Alifuta mikono kwenye kanga yake ya jikoni polepole, akasema, "Umewaficha vizuri, mwanangu. Umewaficha mpaka na wewe umepotea humohumo."

Suraya aliketi sakafuni. Qaseh akamsogelea.

"Wageni wameondoka?"

"Bado. Wanakula."

"Basi ni baadaye?"

Suraya akamtazama yule mtoto na hijabu yake iliyosimama kwa pasi ya bibi. Akainuka. Akachukua kutoka dirishani kadi zao, si zile za boksi bali zile alizowakatia mwenyewe kutoka karatasi ngumu za pakiti za biskuti, zimechakaa pembe, akazitia mfukoni.

"Vaeni viatu," alisema. "Mikono tunanawa kule."

Mama Jerah akatoka mbele yao na birika la kunawia.

Sasa kuna jambo moja ambalo watu wa kule, mlevi au mcha Mungu, tajiri au hohehahe, hawalikosi: ukiwa unakula na mtu akatokea mbele yako, unamkaribisha. Humtazami ni nani kwanza. Neno linatoka lenyewe, hata tonge likiwa shavuni. Na aliyekaribishwa akishakaa, humwinui, wala wewe mwenyewe huinuki ukamwacha. Bwana Kamaruzaki alikuwa na mapungufu mengi, lakini mama yake alimlea. Alipoinua uso akaona kivuli cha watoto pembeni ya meza, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya wali, alisema bila kufikiri:

"Karibuni, karibuni tule."

"Asante, Mheshimiwa," Suraya akasema. "Kaeni, watoto."

Wakakaa. Walinawa kwa zamu kutoka birika la Mama Jerah, kwa adabu, kama walivyofundishwa majumbani mwao, na meza ya njano ikawa na vichwa saba vilivyofika kidevu tu juu ya marinda. Mama Jerah akawapakulia jodari wa wageni, vipande vya tumboni, vile vilivyotengwa. Bi Zauyah alikuwa anatabasamu kwa meno yote, macho yamemtoka.

"Wazuri hawa," mheshimiwa alisema, kwa furaha ya mtu anayependa kupigwa picha na watoto. "Sikuwaona ukumbini. Darasa gani?"

Bi Zauyah alisema haraka kwamba walikuwa wagonjwa wagonjwa, mafua.

"Darasa la kwanza," alisema Suraya. "Ndio wale ambao hawapo, Mheshimiwa. Uliowafungia darasa sasa hivi."

Mpiga picha akashusha kamera. Bi Zauyah aliita, "Mwalimu," kwa sauti ndogo, ya onyo, kisha, "Suraya, tafadhali."

Suraya alisukuma pembeni bakuli la achari, akaweka kadi tatu mezani mbele ya Qaseh. *t*, *i*, *n*. *Tin*, yaani kopo. Neno la kwanza kabisa katika mafunzo, lile ambalo ukumbi mzima ulikuwa umeliimba asubuhi bila kulisoma. "Uliuliza baadaye ni lini," alimwambia. "Ni sasa. Usiharakishe."

Qaseh alilamba mchuzi kidoleni, akakifuta kidole vizuri kwenye leso, akakiweka juu ya kadi ya kwanza. Akaitoa sauti yake, kavu, safi. Akasogea kwenye ya pili, akaitoa, akairefusha, akaishikilia. Kidole kikafika kwenye ya tatu kikasimama.

Mheshimiwa alitazama saa yake, ambayo ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, kwa bahati. Mkono wa kulia ulikuwa umeinuliwa nusu, wali umeanza kukauka vidoleni. Hakuweza kuondoka, mgeni wake alikuwa hajamaliza. Maafisa wote pembeni yake walishikilia mikono hivyohivyo, vidole juu, kama watu wanaokula kiapo, na feni ilikuwa inawakaushia wali taratibu.

Mtoto alijaribu. Ikapanda puani, kama ilivyopanda kwa mama yake na kwa bibi wa bibi yake. Akatikisa kichwa mwenyewe, akarudi kwenye kadi ya kwanza.

"Ndiyo, vizuri sana, hongera," alisema Bwana Kamaruzaki, akianza kusukuma kiti.

"Hajamaliza," alisema Suraya.

Kiti kikarudi. Qaseh akaanza upya, ulimi wake ukitafuta nyuma ya meno pale ambapo kile kioo kidogo kilimwonyesha, na meza nzima ikamngoja.