Walinzi wa Ukuta wa Kaskazini

Krum aliivuta kamba ya kengele, na walinzi wakaacha malindo yao.

Hakuna aliyewaagiza. Kazi yao katika mchezo ule wa kompyuta ilikuwa kulinda lango la ngome, basi. Lakini kengele ilipolia uani, kundi zima liligeuka, likajipanga wawili wawili, likakatiza jikoni, likapanda ngazi na kufika kwenye ukuta wa kaskazini. Ukuta mtupu, mawe juu ya mawe. Wakasimama mbele yake, wakainua mikuki yao, wakangoja.

"Hawa wamekunywa rakia!" Krum alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Bosi, njoo ulione jeshi lako. Linapigia ukuta saluti!"

Nevena aliinama karibu na skrini. Wenzake walidhani anatafuta kosa dogo la kurekebisha kabla ya uzinduzi. Kumbe kosa alikwisha kuliona. Watazamaji walikuwa wameanza kujazana mtandaoni kusubiri, na yeye alitamani umeme wa mji mzima wa Ruse ukatike.

Ngome ya Shaba ulikuwa mchezo wa zamani, wa enzi za kompyuta zenye mgongo mkubwa, na katika mashine za leo haukukubali kabisa kufunguka. Nevena na wenzake walikuwa wameujenga upya kwa miaka saba, bila malipo, kwa mapenzi tu ya watu wasiojua kuacha vitu vya utotoni. Kampuni ya ng'ambo iliyoumiliki iliwaachia kwa sharti moja: wasitumie hata mstari mmoja wa msimbo wake, yaani yale maandishi ya ndani yanayouendesha mchezo. Kwa hiyo walifanya kazi kwa kutazama. Mmoja aliucheza mchezo wa zamani kwenye kompyuta kuukuu na kueleza anachokiona. Mwingine, ambaye hajui kingine chochote, aliandika upya alichoelezwa.

Mwaka uliopita mtu asiyejulikana aliuiba msimbo ule wa asili akaumwaga mtandaoni, kila mwenye kutaka ajisomee. Nevena akaweka sheria siku ileile: atakayechungulia atatoka, na kila kilichopita mikononi mwake kitatupwa. Wa kwanza kuchungulia alikuwa Boyana, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliyechora kuta zote za ngome. Boyana alikuja mwenyewe kusema, huku anacheka, kwamba udadisi umemshinda. Nevena alimtoa mbele ya kundi zima, na kuta zikachorwa upya na mtu mwingine. Tangu siku hiyo wakikutana sokoni, Boyana hugeuza uso.

Sasa ile kengele. Katika mchezo wa zamani ilikuwa pambo tu. Haikuwa na kamba wala haikulia. Wachoraji ndio walioitia kamba juzijuzi, iwe zawadi ndogo kwa wapenzi wa mchezo. Maana yake hakuna mchezaji duniani aliyewahi kuona walinzi wanafanya nini wakiisikia. Aliyewaandikia safari ile ya ukutani alikuwa ameuona msimbo wenyewe.

Na walinzi wote waliandikwa na Mtindi.

Mtindi lilikuwa jina lake la mtandaoni. Alijiunga miaka minne iliyopita, wakati walinzi walikuwa wanagongana kwenye kila kona, na watu watatu walikuwa wamejaribu kuwatengeneza wakanyoosha mikono. Yeye alikuja na maneno ya shombo na kazi safi. Uso wake hawakuwahi kuuona. Kwa jinsi alivyokuwa mtani, Nevena alimkadiria kuwa kijana wa chuo, akawa anamwita dogo, na Mtindi hakukataa hata siku moja. Asubuhi hiyo, kundi lilipokutana kwa mara ya kwanza ana kwa ana katika ukumbi wa nyumba ya utamaduni, aliingia mzee mwenye mvi na mfuko wa nyanya za bustanini kwake.

"Baba, mkutano wa wastaafu ni Jumatano," Krum alimwambia kwa adabu zote.

"Na mashindano ya kuongea ovyo ni lini, nikuandikishe?" mzee akajibu. "Mimi ndiye Mtindi."

Walivunjika mbavu. Nevena alimkumbatia mpaka nyanya zikaminyika. Na sasa mzee huyohuyo alikuwa amesimama nyuma ya umati, anawatazama walinzi, na hakuwa anacheka na wenzake.

"Mzee, nakuomba mara moja," Nevena alisema.

Walikwenda katika jiko dogo nyuma ya jukwaa, ambako mama yake Krum alikuwa ameacha masinia ya banitsa, maandazi ya jibini, yakipoa. Nevena alifunga mlango.

"Umeufungua ule msimbo wa wizi."

"Sijaufungua."

"Usinizungushe, mzee! Watu wanangoja huko nje. Kama umechungulia, niambie umechungulia."

"Sijaugusa. Ningeugusa wa nini?"

"Basi walinzi wamejuaje kuna kitu pale ukutani?"

Mzee alilivuta kreti la soda akalikalia. Akasema kwa sauti ya chini, "Kwa sababu kuna chumba."

"Chumba gani?"

"Nyuma ya ukuta wa kaskazini. Chumba cha malkia. Kengele ikilia, malkia anatoka, na walinzi wanakwenda kumpokea. Mlango ulikuwepo. Ila malkia mwenyewe hatukuwahi kumchora. Mabwana wa ng'ambo walisema muda umekwisha, mchezo uuzwe hivyohivyo. Wakaziba mlango, wakainyamazisha kengele. Walinzi hakuna aliyewaambia."

"Hamkumchora? Ninyi nani?"

"Sisi wa Sofia. Tulikuwa wachache, chini ya ghorofa moja, baridi imetushika tunaandika na makoti mwilini. Jina langu halikuandikwa popote. Lakini walinzi, Nevena, niliwaandika mimi. Wa kwanza wale, na hawa pia."

Furaha ndiyo iliyomfikia Nevena kwanza, na hilo alilikumbuka baadaye kwa uchungu. Alikuwa na umri wa miaka tisa alipokuwa akiwakwepa walinzi wale nyuma ya mapipa ya mchezo, na hapa mbele yake, juu ya kreti la soda, ameketi mtu aliyewapa miguu. Alitaka kumwita Krum, alitaka kupiga kelele. Kisha akili ikamrudia.

"Ulitia saini?"

"Nilitia. Tulitia sote. Kila kitu ni chao, hata kilichobaki kichwani." Mzee alijaribu kutabasamu. "Nilijaribu kuwaandika upya kama mtu asiyewajua. Nilishindwa. Ile safari ya ukutani niliiweka nikijua haitaonekana, kengele si ilikuwa haina kamba? Sikuweza kuwaandika nusunusu."

Nevena aliegemea sinki. Boyana alikuwa amechungulia kidogo tu. Huyu alikuwa na msimbo wote ndani yake.

"Ikate kamba," mzee akasema. Sauti ya utani ilikuwa imemtoka kabisa. "Kengele irudi kuwa pambo. Tunajua wewe na mimi tu. Mwanangu, mimi nina miaka sitini na moja. Mchezo ule ulipotoka sikupewa hata nakala. Nataka niwaone wakitembea mbele ya watu, basi, sitaomba kingine."

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Krum aliingia na jasho usoni. "Bosi, tunaanza! Watu wamefurika, huko kwenye gumzo la mtandaoni wanatutukana mpaka wajomba..." Aliwatazama wote wawili. "Kuna nini?"

Nevena alimweleza kwa maneno machache. Krum alimkodolea mzee macho, halafu akajishika kichwa.

"Mungu wangu. Mzee, wewe ndiye uliyenilia utoto wangu wote? Nipe mkono!" Alimpa mkono kwelikweli, kisha akamgeukia Nevena. "Sawa. Tunakata kamba, tunazindua. Nani atajua?"

"Boyana nilimtoa, Krum."

"Boyana alichungulia kitu cha wizi!"

"Akaja mwenyewe kuniambia. Nikamtoa. Huyu nimbakize kwa sababu ameleta nyanya?"

Maneno yalimchoma mzee. Nevena aliona anavyoinamisha uso, akajichukia. Lakini hakuyarudisha. "Siku kampuni ikigundua," alisema, "haitaishitaki kengele. Itatushitaki sote, kila aliyetia mkono. Watu walinipa kazi zao kwa sababu niliwaapia kwamba hatuna hata chembe ya mali ya mtu. Niliapa, Krum."

"Miaka saba, bosi."

"Najua ni miaka mingapi!"

Alipita katikati yao, akapanda jukwaani, akaketi mbele ya kamera. Hakujipa muda wa kufikiri, maana alijijua: angefikiri kidogo tu, angeikata kamba.

"Habari zenu," alisema. "Leo hatuzindui. Tumegundua kwamba sehemu moja ya kazi yetu ina kitu cha wenye mchezo. Kosa ni la kundi na mimi ndiye kiongozi. Tutaiondoa sehemu hiyo, na tutaanza kuiandika upya."

Gumzo likaporomoka skrini nzima.

*Miaka saba mnatuchezea shere!*

*Nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya huu upuuzi.*

*Sehemu gani? Semeni sehemu gani!*

*Ni walinzi. Jana mliwaonyesha, leo mmewaficha.*

*Walinzi ni wa Mtindi. Mtindi kaiba!*

*Nilisema mimi, akili ile hana. Mwizi huyo.*

Mwizi, mwizi, mwizi. Neno lilishuka skrini nzima, wengine wakilipamba kwa vikaragosi vya kucheka. Nevena angeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingemkabidhi mzee kwa kampuni, pamoja na saini yake na kila kitu. Alisema tu, "Jamani, msimtaje mtu," na wao wakamtaja zaidi.

Alipoinua macho alimwona mzee amesimama karibu na pazia, anasoma skrini kubwa ya ukumbini, midomo ikicheza. Kisha mzee akaanza kupanda jukwaani.

Nevena aliiziba maikrofoni kwa kiganja. "Usiseme kitu, mzee. Wakilijua jina lako watakufuata."

"Wanifuate. Watachukua nini, nyanya?" Aliuondoa mkono wa Nevena taratibu, akainama. "Mimi naitwa Ognyan Vlaykov. Mtindi ni mimi. Sikuiba. Walinzi wa mchezo wa kwanza niliwaandika mimi, huko Sofia, nikiwa kijana, na hawa pia. Nilipojiunga hapa niliulizwa kama nimewahi kuuona msimbo wa zamani, nikajibu sijauona. Huo ndio uongo wangu. Bosi wenu hakujua. Na alichokifanya leo ni sawa, ingawa kimeniua."

Ukaja ujumbe mmoja, wa mtu aliyeonekana kwa jina lake kuwa wa nchi za kaskazini: *Mzee Ognyan, walinzi wako nilikuwa nawaota.* Mwingine akaandika samahani. Zikafuata nyingi, haraka kuliko matusi yalivyokuja, na mzee akawa anazisoma moja moja kwa sauti, mpaka Krum akakata matangazo kwa sababu hakutaka kulia mbele ya watu.

Kazi ya kufuta ilikuwa fupi mno. Nevena alitia jina la Mtindi, akachagua kila alichoandika, akabonyeza. Katika skrini walinzi walitoweka wote kwa pamoja, na lango la ngome likabaki wazi.

"Tukae sasa hivi," aliwaambia wenzake, "kabla hatujafa moyo. Tugawane kazi leoleo."

Walivuta viti wakafanya duara. Ognyan naye akavuta chake. Aliketi upande wa dirisha, mikono magotini, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. Krum aliangalia dari. Wengine wakaangalia simu zao, na ikawa wazi kwamba kila mtu anamngojea Nevena.

"Mzee," alisema.

"Naam, bosi."

"Tunataka kuzungumzia walinzi."

Ilimchukua muda kidogo kuelewa. "Nisisikie?"

"Sisi ndio tusikusikie." Nevena alimgeukia. "Tutasema mengi ya kijinga hapa. Ukiguna tu, tutajua tumekosea. Na hapo itakuwa imetoka kwako."

"Sitaguna."

"Utaguna, mzee."

Ognyan alifikiri, akatikisa mabega. "Kweli, nitaguna," alikubali. Aliinuka, akakirudisha kiti chake mahali pake, akavaa koti. Alitaka kuwaaga kwa mzaha, ilionekana usoni, ila mzaha haukuja, akawapungia mkono tu. Nevena alimfuata hadi mlangoni akamfungulia, na hakuthubutu kumkumbatia. Alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Aliporudi, Krum alikuwa amefungua ukurasa mpya, mweupe.

"Haya," Krum alisema. "Tuanze mwanzo. Walinzi wanakata vipi kona bila kugongana?"