Deraya ya Walinzi wa Mfalme

Kila asubuhi Glenys Pascoe alitoka nje na kuligonga tangi la maji ya mvua kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kushuka chini, akisikiliza. Januari hiyo sauti ya utupu ilikuwa imeteremka mpaka magotini. Mji wa Horsham, huko Australia, haukuwa umeona mvua tangu Novemba, na wafu walikuwa wanakunywa mno.

Walifika saa moja asubuhi. Glenys na kaka yake Darryl walikuwa wakiunda nyongeza ya mchezo wa kompyuta, wa vita vya kale vya wafalme na ngome. Kila Darryl alipojaribu pambano, wakulima wenye mikuki waliouawa humo walipita geti la nyuma kesho yake, wakavua kofia na kuomba maji. Jana walikuwa mia moja themanini na wawili. Mmoja alikanyaga nyanya, akaomba radhi. Wakishakata kiu walishika njia ya maghala ya ngano, wasionekane tena.

Tatizo lilikuwa Walinzi wa Mfalme. Hao walikuwa hamsini tu, na hawakufa. Darryl alikuwa amechora deraya yao, vazi la chuma la vitani, kwa miezi minane, msumari kwa msumari, akaipa kinga ya ishirini na mbili. Mkuki wa mkulima ulikuwa na nguvu tano.

"Punguza," Glenys alimwambia kwenye simu. "Maji yakiisha naihama nyumba ya mama, nakuja kwako na mbwa wote watatu."

"Dada, hao ni wateule! Wakifa ovyo tutachekwa."

"Wachezaji wa majaribio wenyewe wanatukimbia. Nani anataka kuwa mkulima wa kuchinjwa?"

"Si wachague walinzi basi."

"Haya, kesho njoo uwapokee wewe, bingwa."

Darryl alikuja. Aligawa maji tangu saa moja hadi saa tano, shingo ikiungua kwa jua. Mkulima wa mwisho, aliyekuwa na tundu kifuani, maji yakimtoka humo kidogo kidogo, alimrudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante, bwana. Kesho tena?"

Darryl aliweka jagi chini, akafungua kompyuta palepale barazani, akaishusha deraya hadi tisa. Jaribio la jioni lilichukua dakika nne. Walinzi wanane walianguka, waliobaki wakatazamana, wakatimua mbio.

Asubuhi walikuja wakulima kumi na mmoja na walinzi wanane. Basi. Glenys aliwahesabu mara mbili, kisha akaketi ngazini na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Nyumba ilikuwa imepona.

"Ngoma droo," Darryl alisema. "Jumamosi tunaitoa."

Walinzi walikaa kivulini. Wakulima, bila kuambiwa, waliweka chini vikombe ambavyo hawajavinywea, wakapiga magoti juani na kuanza kuwavua walinzi viatu. Mmoja alimpepea mlinzi kwa kofia yake. Walinzi walikunywa kwanza.

"Huko kuwapigia magoti, namba yake iko wapi?" Glenys aliuliza.

Darryl alipekua faili moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.

"Hiyo hatukuiandika sisi, dada."

Glenys alikwenda kujaza jagi tena. Maji sasa yaliwatosha wote.