Kivuli Kilichoshuka Stesheni

Gari la moshi kutoka Nyunzu liliingia Kalemie Jumanne saa nne asubuhi, likiwa na magogo kumi na manane ya kampuni ya mbao. Magogo yalikuwa yamelala, lakini vivuli vyake vilikuwa vya miti iliyosimama, vyenye matawi na majani, vikifunika reli hadi ukuta wa forodha. Wapagazi wakahamia humo kupumzika, maana jua lilikuwa kali.

Mama Adrienne, aliyeuza ndagala wakavu wa ziwani mlangoni mwa stesheni, alikitambua kivuli kimoja kwa pengo la tawi lililoangushwa na radi. Kilikuwa cha mvule wa kwao. Ndani yake, juu ya mkeka, aliketi mama yake, waliyemzika chini ya mvule huo miaka tisa nyuma. Adrienne hakuwa amerudi hata mara moja kupalilia kaburi.

"Mama, umefika salama?"

"Nimefika. Vumbi tu. Ndugu yako Floribert njo alinitia safarini."

Floribert alikuwa ametia kidole gumba kwenye karatasi ya kampuni, akapewa mabati sita. Kwao, ukimpa mtu mti, yeye hukata tawi tu la kuchonga kinu, na kivuli hubaki kwa waliolala chini yake. Alidhani kila mtu anajua hivyo.

Adrienne akaenda kwa karani wa kampuni, Ngoy.

"Sitwayeni Ngoy, mama yangu amekuja na gogo namba kumi na moja. Niachie hilo moja."

Ngoy alipekua karatasi mara mbili, kwa heshima.

"Mama, hapa kuna gogo tu. Kivuli hakikuandikwa, na mama mzee hakuandikwa. Saa saba linapanda meli."

"Basi mama atabaki kwangu."

Mama yake alijaribu kutoka kivulini. Alitoa mguu juani, jua likaupenya kama maji kwenye kitunga. Akaurudisha.

"Hapana, mwanangu. Nitafuata baridi yangu. Wananipeleka wapi?"

"Kigoma, halafu mbali," alisema Adrienne, akimwekea sahani ya bukari, ugali wa muhogo, na mchuzi wa ndagala.

"Kigoma kuna chumvi nzuri. Yako leo haitoshi."

Mama yake alikuwa bado anakula bukari wakati Papa Isidore, mpakiaji wa magogo, alipokuja na winchi. Isidore alimtazama, akazima mashine, akawaambia wakubwa imeharibika. Akakaa akingoja mpaka mama mzee aliponawa mikono.

Meli ikaondoka saa nane. Kivuli kilikwenda kando yake juu ya maji, na ndani yake mzee alikuwa ameushika mkeka usipeperuke. Adrienne alipunga kitambaa mpaka mkono ukachoka.

Wiki hiyo Floribert aliandikisha barua kwa Adrienne: mabati yanaunguza, kijito kimebaki mawe, na mchana hakuna pa kukaa.

Jumanne iliyofuata gari la moshi lilileta magogo ishirini na sita. Adrienne alikuwa amewahi stesheni na sufuria kubwa, na sahani za kuazima kwa majirani, maana mama za watu wengine nao wangefika na njaa. Safari hii alizidisha chumvi.