Nzi Wangu na Mikorosho ya Shemeji

Hapa Mkunya, mimi Agatha ndiye niliyewafundisha nzi kazi. Haya, nisiwadanganye mapema hivi. Nzi walikuwa wanaijua kazi yao tangu enzi za Nuhu. Mimi niliacha tu pipa wazi, wakaja.

Chanzo ni Loveness, binti wa mdogo wangu, aliyeolewa Chiwata, upande wa Masasi. Nilikwenda kumtembelea nikakuta kuku wake wamenona, wanatembea kwa maringo kama wamealikwa harusini. Nikamuuliza anawalisha nini. Akanipeleka nyuma ya jiko, akafunua bati lililofunika nusu pipa. Nnungu wangu! Funza watupu, wanachemka kama uji, wanakula mabibo yaliyooza na maganda ya muhogo.

"Mama mkubwa, usikimbie," Loveness akasema huku akinishika kanga. "Hawa si funza wa chooni. Ni watoto wa nzi chuma, yule mweusi, mwembamba kama nyigu. Akishakuwa mkubwa hali kitu. Hagusi chakula cha mtu, haumi. Anapata mwenzake, anataga, anakufa."

"Hali kabisa?"

"Kabisa."

"Ningeonyeshwa mume wa namna hiyo mapema, nisingezeekea jikoni."

Kisha nikaona jambo lililonifanya nisahau chai yangu mpaka ikapoa. Funza akishakomaa hutafuta pakavu pa kujificha. Basi Loveness ameegemeza ubao ndani ya pipa, na ncha yake ya juu inaning'inia juu ya ndoo. Wale wajinga wanapanda ubao wenyewe, kwa foleni, halafu wanadondoka kwenye ndoo ya chakula cha kuku. To! To! To! Hakuna aliyewasukuma. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Na wanachobakiza mle ndani, kile kinyesi chao kikavu kama ugoro, ndiyo mbolea. Mabibo yanakuwa funza, funza anakuwa yai, kinyesi kinarudi kwenye mkorosho, mkorosho unaleta mabibo. Hakuna kinachotupwa!

Nilirudi na kopo la funza mapajani. Abiria mwenzangu alipouliza nimebeba nini, nikasema wajukuu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu Faidha. Kuku ndiyo maisha yake, na wakati ule pumba ilikuwa imepanda bei mpaka kuku wenyewe walikuwa wamegoma kutaga. Alikuwa ameanza kuwachinja mmoja mmoja, na kila akichinja analia.

"Shikamoo, Mama Stella."

"Marahaba. Weka kisu chini, mwanangu. Nimekuletea wafanyakazi."

Alipochungulia kopo alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Lakini kuku walipomwagiwa wale funza, nyie! Walipigana kama watu kwenye pilau. Nikategesha mapipa na ubao nyuma ya jiko langu kama ya Loveness, nikayaacha wazi, nzi wakaja wenyewe. Wiki chache baadaye Faidha alinijia mbio, kanga inaburuzika, mayai yamejaa mikononi hata kubisha hodi hawezi.

Tatizo halikuwa chakula cha funza. Msimu wa korosho, chini ya mikorosho huku kwetu unakanyaga mabibo tu. Na desturi tunayo: bibo lililoanguka ni la yeyote, ilimradi korosho yake uing'oe uiache chini ya mti, uifunike kwa jani, mwenye mti aikute. Hakuna wa kuombwa ruhusa. Mimi na Faidha tukazunguka na matenga mashamba yote, tunaimba, tunanuka mabibo kuanzia kichwani. Tenga la kwanza kabisa tulilijaza kwa shemeji yangu Benedikto.

Benedikto ni mdogo wa marehemu mume wangu. Miaka yote mabibo ya mtaa yalikuwa yanaishia kwenye pipa lake la uraka, pombe ya mabibo, na uraka wake unaishia kwake mwenyewe. Desturi ilimzuia kutufukuza shambani, kwa hiyo akapitia mlango mwingine. Akaenda kwa Mzee Nasibu, mwenyekiti wa kitongoji.

"Huyu mwanamke anafuga funza," akasema, na mimi nimesimama palepale. "Watatuletea kipindupindu. Mwenyekiti, yale mapipa yafukiwe."

"Shemeji," nikasema, "tangu lini unapenda usafi? Shati hilo ni la Pasaka ya mwaka gani?"

Watu wakacheka, lakini Mzee Nasibu hakucheka. Yeye ni mtu wa udhu na maji ya kutosha, na huku kwetu juu mlimani maji yenyewe ya shida. Akasema atakuja Jumamosi baada ya mvua za kwanza kukagua mwenyewe. Akiona ule ni uchafu, mapipa yatafukiwa. Faidha alinishika mkono akanibana. Mapipa yakifukiwa, anarudi kwenye kisu.

Benedikto akainua mkono juu kama yuko kanisani. "Mimi mkono huu haujagusa uchafu ule, wala hautaugusa!"

Sasa kulikuwa na jambo linanisumbua. Gunia langu la mbolea ya funza lilikuwa linapungua. Nikiamka, limelegea. Nikamshuku Faidha, nikawashuku kuku, nikajishuku mwenyewe, maana kusahau nako nimeanza.

Mvua ikanyesha. Siku ya ukaguzi, asubuhi, nikapita kwa shemeji kuokota mabibo ya mwisho mwisho. Nikainama. Nikainuka. Nikainama tena nione vizuri. Kisha nikarudi nyumbani natembea pole pole, kwa sababu mwanamke wa umri wangu akionekana anaruka ruka njiani watu watamwitia mganga.

Mzee Nasibu alikuja, na Benedikto nyuma yake, na nusu ya mtaa. Akachungulia pipa, akakunja pua. Akaangalia ndoo, funza wakidondoka wenyewe, to, to, to, na nikamwona ndevu zinatikisika kwa kicheko anachokimeza. Faidha akamletea trei la mayai. Bado akatikisa kichwa.

"Mayai nimeyaona. Lakini hii mbolea, Mama Stella, ni nani mwenye akili zake ataiweka shambani kwake?"

"Hakuna!" Benedikto akadakia.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba tutembee kidogo. Hapo tu kwa shemeji."

Benedikto akasema shamba lake lina siafu. Tukaenda hivyo hivyo.

Chini ya mikorosho yake, kuzunguka kila shina, pale pale ambapo mkulima wa korosho huchimba mfereji wa mbolea, kulikuwa na duara la miche michanga. Majani yaliyochanika chanika, ya kijani mbichi. Matikiti! Mduara safi, mti baada ya mti, kama mtu amewavisha mikorosho shanga.

Mwanangu Stella alikuwa ameniletea tikiti kubwa kutoka Masasi, na maganda na mbegu zote nilizitupia funza. Funza hawali mbegu. Mbegu zinabaki kwenye mbolea, zinangoja mvua.

"Benedikto," Mzee Nasibu akasema, "haya ni nini?"

"Matikiti."

"Nani kapanda?"

"Mimi."

"Kivulini?"

"Mkorosho... mkorosho unapenda kuwa na mwenzake, Mwenyekiti. Kilimo cha kisasa."

"Mbegu ulipata wapi, shemeji?" nikauliza kwa upole kabisa.

"Nilinunua Nanganga. Kwa mikono yangu hii. Uchafu wako sijaugusa, naapa mbele ya watu wote hawa!"

Mzee Nasibu alichuchumaa akafukua udongo kwa kidole, taratibu. Udongo mweusi, laini kama ugoro. Ukatikisika. Kitu kikajisukuma kutoka ndani, kikajitoa kwenye gamba lake, kikakunjua mbawa zenye unyevu: nzi mweusi, mwembamba kama nyigu. Akatulia kidogo kukausha mbawa zake. Kisha akaruka, akatupita sote, akaenda kutua kwenye mkono wa Benedikto, ule ule aliokuwa ameuinua kuapa.

"Shemeji," Faidha akasema kwa kuniiga, "mtoto amemjua baba yake."