Mtu wa Kumi na Tano wa Ghala la Kitani

Ghislaine Wattebled, msimamizi wa ghala, alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, na ninaposema kila kitu sitanii. Vizima moto arobaini na viwili vilikuwa vimefutwa vumbi na kupangwa ukutani, kila kimoja na kadi yake. Milango ya chuma inayojifunga yenyewe moto unapoingia ilikuwa imetiwa mafuta mpaka inateleza. Mistari ya njano sakafuni ilipakwa upya Jumamosi nzima na Mauricette, dereva wa foklifti, aliyekuwa akitukana serikali kwa kila mita moja. Alhamisi asubuhi, mkaguzi aliposhuka kwenye gari lake, ghala lote lilinukia rangi na kahawa.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mwezi wa Desemba mkaguzi huyuhuyu, Bwana Fabrègues, mtu wa kusini mwenye skafu tatu shingoni, alikuta marobota ya kitani yamerundikwa mbele ya mlango wa dharura, na orodha ya vitu vinavyoungua ikiwa ya miaka miwili nyuma. Barua ikaja kutoka kwa mkuu wa mkoa: miezi mitatu. Watu wote watoke salama kwenye zoezi la moto, na orodha mbili ziwe za kweli, ya watu na ya vitu. Vinginevyo ghala linafungwa. Na mwenye kitani alikuwa ameshasema bila kupepesa macho kwamba siku lango likifungwa, mzigo unahamia Ubelgiji, kilomita tisa tu, wala haurudi. Mji wa Wambreval haukuwa na kazi nyingine ya kuwapa watu kumi na wanne. Kiwanda cha mwisho cha nyuzi siku hizi ni mahali pa kuchezea mpira wa ndani.

“Leo tunamaliza,” Ghislaine akamwambia Mauricette. “Usimjibu vibaya.”

“Mimi? Mimi nitakuwa bubu, bosi. Akiniuliza jina nitamwonyesha kitambulisho.”

Zimamoto walikuwa wameshafika na gari lao jekundu, maana sheria inataka washiriki. Kapteni wao alikuwa Hubert, mdogo wake Ghislaine, mwanamume mnene mwenye masharubu, aliyekuwa akimeza mkate wa jibini saa tatu asubuhi kana kwamba ndio chakula cha jioni. Akawasha mashine ya moshi wa bandia katikati ya ghala. King'ora kikalia. Bwana Fabrègues akabonyeza saa yake ya kuhesabia sekunde.

Watu walitoka vizuri, tena kwa mpangilio wa kupendeza. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyerudi kuchukua koti. Dakika mbili na sekunde kumi, wote wako uani chini ya kibao cha kijani cha mahali pa kukusanyikia, wamesimama kwenye manyunyu ya mvua. Ghislaine moyo ukatulia.

“Kumi na wanne,” akasema Bwana Fabrègues, baada ya kuwahesabu kwa ncha ya kalamu. Akaangalia daftari la watu. Akahesabu tena. “Hapa pana kumi na watano. Nani hayupo?”

Mauricette akatazama viatu vyake.

“Zéphyrin,” Ghislaine akasema.

“Yuko wapi?”

“Yuko ndani.”

“Ndani? Na moshi ule? Kwa nini hajatoka?”

“Hawezi kutembea peke yake, bwana. Mpaka ashikwe na watu sita.”

Bwana Fabrègues akabadilika rangi. Kwa sauti ya chini, ya mtu anayejizuia, akauliza inakuwaje mtu asiyeweza kutembea aajiriwe ghalani, tena, akasoma, kama mlinzi, bila mpango wowote wa kumtoa. Akafunua ukurasa wa pili palipobandikwa nakala ya cheti cha kuzaliwa, na muhuri wa halmashauri, na sahihi ya meya. Akakisogeza karibu na miwani.

“Ana miaka tisini na minane,” akasema. “Na hajastaafu?”

“Hata sisi tunajiuliza wametuwekea umri gani wa kustaafu,” Mauricette akasema. Ububu wake ulikuwa umeishia hapo.

Sasa nisimwache msomaji akimhurumia mzee wa watu bure. Zéphyrin ni jitu. Ni jitu la mji, la fito zilizosukwa, lenye urefu wa mita nane, kichwa cha karatasi na gundi, masharubu ya nywele za farasi na koti la bluu la wafumaji. Kila mji wa upande ule una jitu lake. Hubatizwa na padri, huandikwa kwa meya, na Zéphyrin mwenyewe alioa mwaka wa themanini na tatu, bibi harusi akitoka mji wa jirani, ndoa ikafungwa mbele ya watu elfu nne na wengine wakalia. Siku ya sherehe watu sita huingia chini ya sketi yake ya turubai, humwinua mabegani na kumchezesha barabarani kwa ngoma. Hakuna mtu wa Wambreval anayemwita kitu. Jaribu kumwita kitu kwenye baa uone kama utauziwa bia.

Miaka miwili iliyopita dhoruba iliezua banda alilokuwa akilala. Wakamleta ghalani kwa wiki mbili, na zile wiki mbili ndizo hizi. Kisha ikaja barua ya mkoa, na Ghislaine akapita ghala lote na orodha mbili mkononi, ya vitu vinavyoungua na ya watu. Akaandika marobota ya kitani, paleti za mbao, maboksi, mafuta ya mashine. Alipofika kwenye pembe ya mwisho akasimama mbele ya Zéphyrin na kalamu ikagoma. Baba yao alimbeba jitu huyu miaka thelathini na mmoja. Yeye na Hubert, wakiwa wadogo, walikula chipsi chini ya sketi ile wakitazama miguu ya baba ikienda na ngoma. Kumwandika kati ya mafuta ya mashine na maboksi? Akaona aibu, aibu ya kweli, ya kumtia joto masikioni. Akamwandika kwenye orodha nyingine. Na hakuna aliyecheka. Karani wa ofisi aliuliza tu tarehe ya kuzaliwa.

Mambo hayo yote akamweleza Bwana Fabrègues pale uani, kwa kirefu, wenzake wakimsaidia kwa kutikisa vichwa. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho huku saa ikiendelea kuhesabu mkononi mwake.

“Kwa hiyo ni sanamu,” akasema.

Uani watu wakaguna.

“Madamu, mimi sina haki ya kubishana na daftari lililotiwa sahihi. Lakini kuna mawili tu. Kama ni mtu, mtu yumo ndani na zoezi halijaisha. Kama ni kitu, kinaungua, na orodha yako ya vitu ni ya uongo, na nafunga lango leo. Uniambie wewe.”

“Ni mtu,” wakasema watu kumi na watatu kabla Ghislaine hajafungua mdomo.

“Basi saa inakwenda,” akasema Bwana Fabrègues.

Mauricette akavua koti aingie, mkaguzi akamzuia. Aliyetoka harudi, ndiyo sheria. Wanaoingia ni zimamoto peke yao. Hubert akafuta makombo ya jibini kwenye masharubu na kuwaita vijana wake watano. Wakavaa barakoa, wakabeba mitungi ya hewa mgongoni, wakaingia kwenye moshi wakiwa wameshikana mikanda.

Muda ukapita. Mvua ikaendelea. Ndani kukasikika kishindo, kisha mtu akilaani, kisha sauti ya Hubert, nzito kwa sababu ya barakoa, ikiita: “Ngoma! Hatuoni kitu humu, tupigieni ngoma!”

Maana wabebaji wa jitu hawaoni wanakokwenda; miguu yao hufuata ngoma, na kwa namna nyingine hawajui kutembea wakiwa sita. Mauricette akapindua pipa la mchanga, akachukua kijiti cha kukorogea rangi na kuanza kupiga mdundo wa taratibu wa Jumapili ya sherehe. Bwana Fabrègues akafungua sheria zake, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta mahali panapokataza ngoma. Hakupaona.

Dakika ya kumi na nne zimamoto wawili wakatokea wamekumbatia kichwa. Mlango wa ghala una mita nne na nusu, na jitu halipiti likiwa zima. Walikuwa wameling'oa shingoni. Wakakilaza kichwa kwenye machela ya kubebea majeruhi na kukifunika blanketi mpaka kidevuni, kisha wakarudi ndani kwa wenzao.

Bwana Fabrègues akakitazama, nacho kikamtazama. Akaandika, akisoma kwa sauti kama alivyofundishwa: “Nusu ya kwanza ya mtu wa kumi na tano imetoka dakika ya kumi na nne.”

“Hali yake?” akauliza karani.

“Usinichezee.”

Dakika ya ishirini na sita mwili nao ukatoka, umeinama, sketi ikiburuta, miguu sita ya zimamoto ikienda mbele na sita ikirudi nyuma. Watu wakapiga makofi. Kichwa kikarudishwa mahali pake. Zéphyrin akasimama uani kwenye manyunyu, mrefu kuliko gari la zimamoto, koti lake limechanika kwapani.

“Kumi na watano,” akasema Bwana Fabrègues na kusimamisha saa. Alionekana mtu aliyechoka sana. “Sheria haisemi dakika ngapi. Inasema wote watoke. Wote wametoka.” Akageuza karatasi na kumpa Ghislaine kalamu. “Sahihi yako hapa, madamu, na lango linabaki wazi.”

Mauricette akambusu karani. Ghislaine akaichukua kalamu, na kabla ya kuandika akamtazama mdogo wake.

Hubert alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari. Barakoa imemwachia alama nyekundu usoni, midomo imemgeuka kijivu, na alikuwa bado anahangaika kufungua kamba ya mtungi. Alipohisi anatazamwa akacheka.

“Tumemtoa, dada. Na ungekuwa moto wa kweli tungemtoa vilevile.”

“Ungeingia?”

“Sasa unaniuliza nini? Orodha inasema kuna mtu. Nikiambiwa kuna mtu ndani siulizi ameumbwa kwa nini, naingia. Kazi yangu ni hiyo.”

“Na ungetoka dakika ya ishirini na sita.”

“Ndivyo alivyo mzito, nifanyeje?”

Ghislaine alikuwa amefanya kazi kwenye kitani miaka thelathini na minne. Aliwahi kuona banda la kitani likiungua huko mashambani. Vumbi lake hushika kama petroli, na paa lilianguka kabla maji hayajafunguliwa, dakika kumi, pengine chini ya hapo. Alizilinganisha sasa, kwa mara ya kwanza, dakika kumi na dakika ishirini na sita. Alikuwa ameandika jina moja kwenye karatasi, kwa aibu na mapenzi, na jina lile lilikuwa amri ya kumpeleka mdogo wake chini ya paa lile.

Akafungua daftari la watu na kuchora mstari juu ya Zéphyrin, kwa rula, kama inavyotakiwa. Kisha akaomba orodha ya vitu, akaandika chini ya mafuta ya mashine: fito, turubai, nywele za farasi, gundi, kilo mia tatu na kumi, pembe ya mashariki, huungua haraka.

Uani ngoma ya pipa ilikuwa imenyamaza. Watu wawili wakavua kofia.

“Madamu,” akasema Bwana Fabrègues kwa upole ambao hakuna aliyeutegemea, “ukiandika hivyo, orodha niliyoikuta asubuhi ilikuwa ya uongo. Itabidi nifunge. Kuja tena kukagua ni baada ya majira ya joto.”

“Najua. Funga.”

“Bosi,” Mauricette akasema, “unatumaliza. Yule mtu wa kitani hatangoja hata wiki. Kwa mstari mmoja wa kalamu tu. Si ungeacha?”

“Nimewamaliza, ndiyo. Nilaumuni mimi. Nimewamaliza na sikulala miezi mitatu ili nisiwamalize.”

Hubert alikuwa amesimama. Alikuja mpaka aliposimama dada yake, akaangalia ule mstari, kisha akasoma yale maneno mengine moja moja, midomo ikitembea.

“Umemfuta Zéphyrin.”

“Nimemfuta.”

“Baba angekuzaba kofi.”

“Angenizaba. Na ghala likishika moto, utasimama pale kwenye kibao cha kijani, utahesabu watu kumi na wanne, na utamwacha aungue. Niambie utamwacha.”

Hubert akageuka. Alimtazama yule jitu, aliyekuwa anachuruzika maji kwenye masharubu, akamtazama muda mrefu mpaka vijana wake wakaanza kukunja mipira ya maji ili wawe na la kufanya. Kisha akanyoosha mkono aombe kalamu, maana orodha ya vitu vinavyoungua hutakiwa iwe na sahihi ya zimamoto pia. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele ya watu wake. Akatia sahihi chini ya jina la dada yake.